Nusu Sekunde Isiyokuwa na Tiketi

Ndugu mwenyekiti, wenzangu wa fani, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na soketi za umeme, habari za mchana.

Nimeombwa kuzungumzia swali ambalo waandaaji wameliandika kwa ukali kidogo: je, sisi tunaoandika programu tumepoteza udadisi na cheche za ubunifu? Nitalijibu. Lakini naomba kwanza niwasimulie habari ya nusu sekunde.

Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, ambaye ni miongoni mwa wanaoendeleza hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi yake kwenye mashine yenye toleo la majaribio la Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Mtu anayepima vitu vidogo namna hiyo hutaka mashine itulie kabisa. Yake haikutulia. SSH, ule mlango tunaopitia kuingia kwenye seva iliyo mbali, ilikuwa inakula prosesa, yaani nguvu ya kompyuta ya kufanya kazi, kuliko kawaida. La ajabu zaidi, ilikuwa ikifanya hivyo hata kwa majaribio ya kuingia yaliyokataliwa papo hapo, kwa sababu majina ya watumiaji hayakuwapo. Akapima. Kuingia kulikokuwa kukichukua takriban sekunde 0.3 sasa kulikuwa kunachukua 0.8.

Hapo ndipo mimi ningesema mtandao leo mzito, nikaenda kutafuta chai.

Yeye hakwenda. Akakumbuka kwamba wiki chache nyuma, baada ya kusasisha vifurushi, chombo kimoja cha kukagua jinsi programu zinavyotumia kumbukumbu ya kompyuta kilikuwa kimetoa malalamiko yasiyoeleweka. Akaunganisha mambo mawili ambayo hakuna aliyemwambia ayaunganishe. Akafuata uzi hadi kwenye xz, programu ya kubana mafaili ambayo wengi wetu tunaitumia bila hata kujua kuwa tunayo. Ndani ya matoleo mawili mapya, 5.6.0 na 5.6.1, alikuta mlango wa siri. Mtu fulani alikuwa amejifanya msaidizi mwema wa mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili, akajenga imani, akapewa funguo, kisha akapachika mtego wake ndani ya mafaili yaliyoonekana kama ya majaribio tu. Tarehe 29 Machi Freund akaliweka jambo hadharani. Matoleo yale yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye mifumo ya majaribio lakini yalikuwa hayajafika kwenye seva nyingi za kazi. Yangefika, bado tungekuwa tunasimuliana.

Sikusimulia haya ili tumpigie makofi, ingawa anastahili. Nataka mtazame jambo moja. Nusu sekunde ile haikuwa na tiketi, yaani haikuwa kazi iliyoandikwa kwenye orodha na kupangiwa mtu. Haikuwa kwenye mpango wa wiki mbili wa mtu yeyote, na hakuna mteja aliyelalamika. Angeipuuza, kazi yake ingekwisha mapema zaidi na hakuna ambaye angemlaumu, hata leo.

Kwa hiyo mtu akiniambia udadisi umekufa, namwambia huo hapo, juzi tu, ulikuwa hai. Swali ninaloliona la maana ni lingine: udadisi unaishi wapi siku hizi, na kwa nini hauishi ofisini kwetu?

Nawajua wazee wa fani yetu, kwa sababu nami naelekea kuwa mmoja wao; huu ni mwaka wangu wa 19 wa kazi hii. Tukikutana tunapenda kusema kwamba zamani watu walikuwa na moto. Tunataja majina yaleyale. Tunamtaja Ken Thompson na Unix, mfumo wake wa uendeshaji wa mwaka 1969. Tunamtaja Guido van Rossum aliyeanza kuandika lugha ya programu ya Python likizo ya Krismasi ya 1989, na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, ambaye tarehe 25 Agosti 1991 aliwatangazia wenzake kwamba anaandika mfumo wa uendeshaji, huu tunaouita Linux, kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Kisha tunawageukia vijana kwa macho ya huruma: nyie mnabandika tu.

Hadithi hiyo ina udanganyifu ndani yake. Mwaka 1969 maelfu ya waandishi wa programu walikuwa wanaandika hesabu za mishahara na bili, siku baada ya siku, na hatuwataji kwa sababu hawakuacha hadithi. Tunachukua watu watatu wa zama zile tunawalinganisha na watu wote wa zama hizi. Ni sawa na kusema zamani watu wote walikuwa warefu kwa kuwa sanamu zilizobaki ni ndefu.

Lakini hebu tuwaangalie hao watatu kwa karibu, maana kuna jambo wanalofanana. Thompson alikuwa amebaki mikono mitupu. Maabara ya Bell ilikuwa imejitoa kwenye mradi mkubwa wa mfumo wa uendeshaji wa Multics, na yeye alikuwa na mchezo wake wa kusafiri angani ambao kila ukichezwa kwenye kompyuta kubwa uligharimu kama dola 75 za muda wa mashine. Akatafuta mashine ndogo ambayo watu hawakuwa na haja nayo sana, PDP-7, akahamishia mchezo huko. Kisha mkewe akasafiri na mtoto kwenda kuwaona wazazi. Katika wiki hizo za ukimya akagawa kazi: wiki moja kiini cha mfumo, wiki moja sheli ya kupokea amri, wiki moja kihariri cha maandishi, wiki moja asembla ya kugeuza programu kuwa lugha ya mashine. Mkewe aliporudi, Unix ilikuwa inapumua. Van Rossum naye ofisi yake ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, akabaki nyumbani na kompyuta. Torvalds alikuwa mwanafunzi wakati wa kiangazi.

Mashine ambayo watu hawaihitaji, ofisi iliyofungwa, kiangazi. Wote watatu walikuwa na muda ambao hakuna aliyekuwa anauhesabu. Vipaji walikuwa navyo, sikatai, na ni vikubwa. Ila vipaji hata humu ukumbini vipo. Kisichokuwepo ni wiki nne ambazo hakuna anayekuuliza umefika asilimia ngapi.

Kuna mmoja nampenda kuliko hao wote, naye hatajwi sana. Mwaka 1962 pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, vijana waliandika Spacewar, mchezo wa meli mbili za angani zinazopigana. Nyuma ya meli kulikuwa na nyota, vitone vilivyotawanywa ovyo. Mchezo ulikuwa unafanya kazi na watu walikuwa wanaucheza. Lakini Peter Samson alikerwa na zile nyota. Aliona ni aibu kuwa na anga la uongo. Akachukua ramani ya nyota za kweli akaziingiza kwenye programu, kila moja mahali pake, na akahakikisha zile zinazong'aa zaidi angani zinang'aa zaidi kwenye kioo. Alifanyaje? Kioo kile hakikuwa na njia rahisi ya kuchora kitone chenye mwanga mkali, basi akawa anaichora nyota angavu mara nyingi zaidi kuliko nyota hafifu. Jicho la mchezaji likamalizia kazi iliyobaki. Wenzake wakaliita jambo hilo sayaria, yaani jumba la kuonyesha nyota, ya gharama kubwa, kwa utani, maana kompyuta ya bei mbaya ilikuwa inatumika kuonyesha kitu ambacho ungetoka nje usiku ukakitazama bure.

Fikirini leo mtu aje kwenye kikao cha asubuhi aseme: jana sikumaliza ile fomu, nilikuwa narekebisha nyota. Mnacheka. Mimi nisingecheka, mimi ndiye kiongozi wa kikao, ningemwandikia barua.

Na hapa ndipo ninapotakiwa kukiri, kwa kuwa si haki kuja kuwahubiria watu udadisi wakati mwenyewe nimeuua kwa mkono wangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa naongoza timu ndogo mahali ambapo sitapataja. Tulikuwa na huduma moja iliyokuwa inapokea mafaili kutoka kwa wateja. Kila siku saa tisa usiku huduma hiyo ilikuwa inazimwa na kuwashwa upya yenyewe. Mstari mmoja tu kwenye faili la ratiba. Aliyeuweka alikuwa ameondoka zamani, na sote tuliukuta kama unavyoikuta nguzo katikati ya chumba: unaizunguka.

Akaja kijana, wiki yake ya pili kazini. Akasimama karibu na meza yangu, nakumbuka alikuwa ameshika daftari, maana ni mtu wa kuandika kwa kalamu. Akasema, "Dada, samahani. Mbona hii tunaizima kila usiku?"

Nikamwambia, "Mdogo wangu, iache hiyo. Inafanya kazi."

"Naona inafanya kazi. Nauliza kwa nini inazimwa."

Nikamwangalia kwa lile jicho mnalolijua. Nikasema, "Umemaliza tiketi zako?"

Akarudi kwenye meza yake. Tangu utotoni tunaambiwa kuuliza si ujinga. Kazini tunaongezewa kwa macho tu, bila kutamka, kwamba si ujinga lakini ni kuchelewesha wenzio.

Ilipita miezi minane. Siku moja mteja mkubwa akatishia kuondoka kwa sababu mafaili yake yalikuwa yanafika nusu, si yote, baadhi tu, na si kila siku. Tukahangaika wiki nzima. Tulikagua mtandao, tukabadilisha diski, tukamlaumu mteja kwa barua ya heshima. Mwishowe tukagundua kwamba mteja yule alikuwa amehamisha kazi yake ya kutuma hadi usiku wa manane, na siku mzigo ukiwa mkubwa alikuwa bado anatuma ikifika saa tisa. Tulikuwa tunamkata kauli katikati. Na kwa nini tulikuwa tunazima? Kwa sababu ndani ya huduma ile kulikuwa na orodha ya miunganisho. Kila mteja akiunganishwa, jina linaandikwa kwenye orodha. Akiondoka, hakuna aliyekumbuka kulifuta. Orodha ilikuwa inanenepa mchana kutwa, inakula kumbukumbu, na baada ya siku mbili huduma inaanguka. Mtu wa zamani, badala ya kufuta jina, aliweka ratiba ya kuzima. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Nimeuona kwa macho yangu: mstari mmoja.

Nikamfuata yule kijana kumwomba radhi. Akanijibu kwa adabu, akasema hakumbuki hata kama aliuliza. Nadhani alikumbuka. Na nilipojaribu kufikiria ni lini mara ya mwisho alikuja mezani kwangu na daftari, sikupata. Hakuwa ameacha kazi. Alikuwa ameacha kuuliza. Alikuwa anafunga tiketi zake kwa wakati, na kwenye tathmini ya mwaka nilikuwa nimempa alama nzuri kuliko wote.

Sasa mkinisikia hivi mtadhani nataka tuzichome tiketi. Hapana. Nimefanya kazi kwenye mradi usio na mpango wowote, na najua ladha yake. Watu sita wanaandika kitu kilekile mara tatu. Tiketi ni chombo kizuri cha kukumbuka kazi tunazozijua. Ubaya ni kwamba udadisi, kwa asili yake, ni kazi ambayo hujaijua bado. Huwezi kuandika tiketi isemayo "kushangaa, saa nne". Basi kisichoandikika hakihesabiki, na kisichohesabika kinafanywa usiku nyumbani, au hakifanywi.

Angalieni mfano wa mwaka 2021. Kuna mchezo wa Grand Theft Auto Online, uliotoka 2013. Kuufungua tu ilikuwa ni safari. Kwenye mashine za wengi ulichukua dakika kadhaa. Watu walizoea. Wengine walitania kwamba ni muda wa kwenda kupika. Mchezaji mmoja, anayejulikana kwa jina la bandia tu, akaamua kujua dakika hizo zinakwenda wapi. Hakuwa na msimbo wa mchezo ule. Alikuwa na kompyuta yake, vyombo vya kupimia, na kero.

Alichokikuta nitakieleza polepole kwa sababu ni kitamu. Mchezo ulikuwa unasoma faili moja la maandishi la megabaiti 10, lenye bidhaa zipatazo 63,000 za kununua ndani ya mchezo. Kila ulipotaka kusoma neno moja kutoka kwenye faili lile, kitendo kilichotumika kilikuwa kinahesabu kwanza urefu wa maandishi yote yaliyobaki hadi mwisho. Yaani ni kama unasoma kitabu, na kabla ya kila neno unahesabu herufi zote hadi jalada la nyuma, halafu unasoma neno moja, halafu unaanza kuhesabu tena. Hilo moja. La pili, kila bidhaa ikishasomwa, mchezo uliilinganisha na zote zilizotangulia, moja baada ya moja, kuhakikisha haijarudiwa, ingawa hapakuwa na iliyorudiwa. Akatengeneza kiraka chake. Kwake dakika sita zikawa chini ya mbili. Akaandika alichofanya, wenye mchezo wakakubali, wakasahihisha, wakamlipa dola 10,000.

Sitaki kuwacheka walioandika mchezo ule. Siku walipoandika, pengine faili lile lilikuwa na bidhaa chache na lilifunguka kufumba na kufumbua. Bidhaa zikaongezeka, dakika zikaongezeka, na kila ongezeko lilikuwa dogo kiasi cha kutostahili swali. Ninachotaka mwone ni nani aliyeuliza. Freund alikuwa anapima kitu kingine. Huyu alikuwa anataka kucheza. Wote wawili walikuwa nje ya kazi waliyopangiwa.

Nikitaja haya, vijana huniambia: dada, lakini siku hizi mambo yako juu ya mambo, nani atayafungua yote? Wana haki. Super Mario Bros ya 1985 nzima ilikaa kwenye takriban kilobaiti 40, na walioiandika waliijua kila baiti. Ndiyo maana mawingu na vichaka vyake ni umbo lilelile lililobadilishwa rangi. Leo ukianzisha mradi mtupu, kabla hujaandika neno lako la kwanza, folda ina mamia ya maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, za watu usiowajua. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha left-pad kwenye npm, hazina ya mtandaoni ya maktaba za lugha ya JavaScript, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa. Kifurushi kile kilikuwa na mistari 11. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno mpaka lifike urefu unaotaka. Basi.

Siwalaumu watu kwa kutumia maktaba. Hata mimi sina hamu ya kuandika usimbaji wangu wa siri, na msiombe niandike. Nawaambia tu kwamba kuna tofauti kati ya kutumia boksi lililofungwa na kuamini kwamba boksi haliwezi kufunguliwa. Msimbo wa left-pad ulikuwa wazi, mistari 11, dakika mbili za kusoma. Mlango haukuwa na kufuli. Tulikuwa tumeacha tu kujaribu kitasa.

Nafika kwenye akili mnemba, maana naona wengine mmekuwa mnaisubiri tangu nianze, na wengine mnaitumia sasa hivi kupata muhtasari wa ninayosema.

Naitumia. Kila siku. Sitasimama hapa nijifanye mtakatifu. Lakini nina jambo moja la kuwasimulia kuhusu kile inachonipa na kile inachokichukua.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa ripoti iliyokuwa inakosea siku. Siku moja katika mwaka ilikuwa inapotea. Nikazama kwenye habari za saa na kanda za wakati kwa siku mbili nzima. Nikafika kwenye hifadhi ya kanda za wakati ambayo kompyuta na simu nyingi duniani zinaitegemea, na nikagundua kwamba ni mafaili ya maandishi ya kawaida, yenye maelezo marefu yaliyoandikwa na watu wa kujitolea: serikali gani ilibadilisha saa lini, na ushahidi uko wapi. Humo nikajua kwamba Nepal iko mbele kwa saa tano na dakika 45, na hizo 45 si kosa la uchapaji. Miaka baadaye nikasoma humohumo kwamba Samoa haikuwa na tarehe 30 Desemba 2011. Walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi, kwa sababu walihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe. Siku halali kabisa ambayo haikuwepo.

Ripoti yangu niliirekebisha kwa kubadilisha neno moja. Bosi wangu hakufurahi, siku mbili kwa neno moja. Lakini tangu siku ile sijawahi tena kuamini kwamba siku ina saa 24, na hilo limeniokoa mara nyingi kuliko cheti chochote nilichonacho.

Leo ningebandika hitilafu ile kwenye kisanduku, ningepata neno lile baada ya sekunde 20. Jibu lingekuwa sahihi. Nisingefika Nepal.

Niwe mkweli pia upande wa pili: katika siku zile mbili nilisoma mengi ambayo hayajanisaidia hadi leo na hayatanisaidia. Ukipotea njiani hukuti hazina kila mara, mara nyingi unakuta vumbi tu. Na kuna mambo, kama kupanga mistari ya faili la usanidi, ambayo hayana Nepal ndani yake. Hayo ichukue mashine na baraka zangu. Isitoshe, chombo hichohicho ukikiuliza "kwa nini" badala ya "nifanyie", kitakaa nawe usiku kucha bila kukuuliza kama umemaliza tiketi zako. Kwa uvumilivu huo kinanishinda mimi. Lile jicho nililomtolea kijana wangu, hakina.

Tatizo ni kwamba tumekiingiza kazini ndani ya utaratibu uleule. Tumepata chombo kinachookoa saa tatu, na saa hizo tatu tumezijaza tiketi nyingine tatu. Sijaona popote mtu akiambiwa: umemaliza mapema, haya, nenda karekebishe nyota.

Nimalizie kwa habari ya yule kijana, kwa sababu wengine mtaniuliza.

Nilimwomba radhi mara ya pili, safari hii mbele ya timu, jambo ambalo lilimtia aibu yeye kuliko mimi. Halafu nikanyamaza. Sikuanzisha siku ya ubunifu wala ubao wa mawazo. Niliwahi kuanzisha ubao huko nyuma ukaota vumbi. Nilichofanya ni kuacha kuuliza swali langu lile la tiketi. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Linanifika mdomoni karibu kila siku.

Wiki iliyopita akaja na daftari. Kuna ripoti yetu moja ambayo, kwa mteja mwenye rekodi 90,000, inatoka chini ya sekunde moja. Kwa mteja mwenye rekodi 2,000 inachukua sekunde nne. Hakuna aliyelalamika, sekunde nne zinavumilika. Akaniuliza, "Dada, mbona kidogo kinachelewa kuliko kikubwa?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta kiti. Nilidhani ni indeksi, ile orodha inayoisaidia hifadhidata kutafuta haraka, nikamwambia hivyo kwa kujiamini kama kawaida yangu. Tupo naye siku ya nne sasa, kuna kazi mbili za wateja zimesogea mbele, na nimeandika kwenye taarifa ya wiki sababu ya kusogea huko kwa maneno yaleyale aliyoniuliza.

Nilipokuwa nimekaa pale mbele nikisubiri zamu yangu simu ilitetemeka. Ni yeye. Ameandika: "Dada, si indeksi."

Basi kama hamna maswali mengi, naomba niwahi kurudi. Na kama mnayo, anzeni na yule binti wa pembeni, amenyoosha mkono tangu kwenye habari za Samoa.